Utingo hashikwi mkononi

Jumamosi moja ya Agosti mwaka jana nilikuwa napeleka keki ya kipaimara Madale. Tabaka tatu, krimu nyeupe, maua ya bluu niliyokesha nayo hadi saa nane usiku. Gari langu ni Vitz ya zamani. Viti vya nyuma nimevilaza, juu yake kuna ubao, juu ya ubao kuna kile kitambaa cha mpira cha kuzuia vitu visiteleze. Wanaofanya kazi hii wanajua: keki unaioka kwa saa nne, unaipamba kwa saa sita, halafu ile saa moja ya barabarani ndiyo inaamua kama utalipwa.

Siku hizi hakuna mteja anayekuelekeza kwa mdomo. "Nakutumia lokesheni," basi, maongezi yameisha. Huyu wa Madale alituma asubuhi. Nikatoka zangu Tabata, nikashika Mandela hadi Ubungo, nikapinda Morogoro Road mpaka Mbezi, nikakata kulia kuingia barabara ya Goba. Bagamoyo Road nilikuwa naikwepa, maana ujenzi wa njia za mwendokasi ulikuwa unahamisha michepuko kila nikipita. Nikiwa nimeshaiacha Mbezi, akatuma lokesheni nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa ya saluni alikokuwa anasukwa.

Nikaifungua hiyo mpya huku gari linatembea. Simu mkono wa kushoto, imeegemea paja; usukani mkono wa kulia. Ndivyo nilivyokuwa naendesha kwa karibu miaka miwili. Holda ya kubana simu niliyonunua kwa elfu tano iling'oka kwenye tuta siku nyingi zilizopita na sikununua nyingine. Vitz yangu ni otomatiki, kwa hiyo mkono wa kushoto nilikuwa nauona kama hauna kazi.

Nilipoipita Goba, ule mshale wa bluu unaoonyesha gari lako ukaanza kuganda. Unaganda, unaruka, unageuka kana kwamba narudi nilikotoka. Nikainua simu kidogo, nikaiinamia, nikavuta ramani kwa kidole gumba nione kona iko wapi. Nilipoinua uso kulikuwa na mtoto mbele ya gari.

Mvulana wa kama miaka minane, ana dumu la njano la maji kwa mikono miwili. Hakukimbia wala hakutokea uchochoroni. Alikuwa anavuka barabara taratibu kwa sababu dumu lilikuwa zito, na bila shaka alikuwa ameanza kuvuka tangu mimi niko mbali. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Simu ikaruka chini ya kiti. Nyuma nikasikia boksi la keki likigonga kiti changu. Gari likasimama, na kati ya bampa na lile dumu palikuwa na nafasi ya hatua moja, labda moja na nusu.

Mtoto aliniangalia tu. Kisha akasema, "Shikamoo," akamalizia kuvuka.

Hiyo shikamoo yake bado ninaisikia. Nilishindwa kuitikia.

Nikasogeza gari pembeni, nikazima injini, miguu ikawa inatetemeka. Pale pembeni kulikuwa na mama anakaanga mihogo. Akaacha karai lake, akaja dirishani. Nilitegemea matusi, na nilistahili. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Dada, ulikuwa unaangalia nini?"

"Njia, mama."

"Njia si ndiyo hii uliyopo?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Keki ilifika ikiwa tabaka la juu limekaa upande na maua ya upande mmoja yamepondeka. Nilirekebisha nilichoweza jikoni kwa mteja, nikamrudishia nusu ya pesa. Hilo liliisha siku ileile. Lililobaki ni la yule mtoto.

Usiku ule nilimwomba mwanangu aliye kidato cha pili anisaidie hesabu. Kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa maeneo ya makazi na ndio niliokuwa nao, ni mita ngapi kwa sekunde? Akaandika kwenye daftari: karibu mita 14. Nikamwambia zidisha kwa tatu, maana kufungua ujumbe, kugusa lokesheni na kusubiri ramani ifunguke hakupungui sekunde tatu. Mita 42. Coaster moja ya daladala ina urefu wa mita saba hivi. Kwa hiyo nilikuwa nimeendesha urefu wa Coaster sita zilizopangwa mstari bila kuona chochote, na hapo ni kama niliangalia sekunde tatu tu. Nadhani niliangalia zaidi.

Mwanangu akauliza, "Mama, hesabu ya nini?" Nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mlandizi kwa baba. Baba aliendesha malori zaidi ya miaka thelathini: Dar hadi Tunduma, Tunduma hadi Lusaka, na mara kadhaa Lubumbashi. Hakuwahi kuwa na ramani, si ya karatasi wala ya simu. Nilimsalimia, nikakaa, nikamsimulia kama nilivyosimulia hapa. Nilidhani atasema simu zimeharibu madereva, nami nilikuwa tayari kukubali.

Hakusema hivyo. Aliniuliza, "Mwanangu, utingo unamjua kazi yake?"

Nikasema anapanga mzigo, anaweka jiwe nyuma ya tairi lori likisimama mlimani, anapika.

"Hayo ni ya gari likisimama," akasema. "Gari likitembea, utingo ni macho ya kushoto. Dereva wa lori upande wa kushoto haoni vizuri. Utingo ndiye anakwambia: kuna baiskeli, kuna shimo, pita, bado, pita. Kitonga ile, kona baada ya kona, mimi sikuwahi kugeuka kumtazama utingo wangu. Yeye anasema, mimi nasikia, macho yangu yako barabarani. Siku dereva anageuza shingo amtazame utingo usoni, siku hiyo lori linalala korongoni." Akanywa chai yake. "Hiyo simu ni utingo wako. Wewe umemshika mkononi na kumkodolea macho. Utingo hashikwi mkononi. Muweke kwenye kiti chake, aseme."

Nimewahi kusikia mawaidha mengi ya usalama barabarani kwenye redio na kwenye mabango, lakini hakuna lililoniingia kama hilo. Kwa sababu baba hakunikataza ramani. Kazi ninayofanya haiwezekani bila ramani. Dar inakua kila siku, leo Madale, kesho Kibada, keshokutwa Chanika kwenye mtaa ambao mwaka juzi ulikuwa shamba la mihogo. Alichoniambia ni mahali pa kuiweka na kiungo cha mwili cha kuitumia: sikio.

Basi nikaanza kumjua huyu utingo wangu vizuri, maana niligundua nimefanya naye kazi miaka bila kujua anafanyaje.

Kwanza, nilikuwa naamini mshale ukiganda ni bando limeisha au mtandao mbovu. Sivyo. GPS ni satelaiti za Marekani, zaidi ya 24, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatangaza muda na mahali ilipo, saa zote, bure, kwa yeyote mwenye kifaa cha kusikia. Simu yako haiitumii satelaiti kitu chochote. Inasikiliza tu, kama redio. Ikisikia angalau nne inapiga hesabu ya mahali ilipo. Bando linahitajika kuleta picha ya ramani na kuonyesha foleni, ile mistari myekundu, ambayo inatokana na simu za madereva wengine walio kwenye foleni hiyo. Kujua mahali ulipo hakuhitaji bando hata kidogo.

Sasa fikiria simu iliyoko pajani. Juu yake kuna paa la bati la gari, mbele yake kuna dashibodi, imezibwa na kiganja na mwili wako. Zile sauti zinafika zikiwa dhaifu sana, na wewe umeiweka mahali pabaya kuliko pote ndani ya gari. Ndiyo maana mshale wangu ulikuwa unaruka. Simu ikikaa juu, karibu na kioo cha mbele, inaona anga, na mshale unatulia. Nilikuwa naishika ili nione vizuri, na kule kuishika ndiko kulikuwa kunaivuruga. Nilipolielewa hili nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, kwa ile hatua moja na nusu.

Nikaenda Kariakoo nikanunua holda ya elfu kumi na nane, ile ya kubana kwenye matundu ya kiyoyozi. Ya kunata kwenye kioo niliiacha kwa sababu mbili: joto la Dar linailegeza gundi, na simu iliyoko juani mchana inachemka mpaka inajizima. Kwenye tundu la kiyoyozi inapata ubaridi. Nimeibana upande wa kulia wa usukani, juu kiasi, ili jicho likitaka kupita lipite kama linavyopita kwenye kioo cha pembeni na kurudi.

Sauti ilinichukua muda zaidi. Nilikuwa nimeizima siku zote kwa sababu inaingilia muziki, na kwa sababu yule mama wa kwenye simu akitamka majina yetu kwa Kiingereza chake unaweza usijue anakupeleka Makongo au Mikongo. Nikajizoeza. Nilichagua njia ninazozijua, kutoka nyumbani hadi sokoni Buguruni, nikamwacha aongee ili sikio langu lishike anavyotamka. Baada ya wiki mbili nilikuwa namwelewa kama unavyomwelewa jirani mwenye kigugumizi. "Mita mia mbili" nikajua ni umbali gani, kwamba ni pale pa kuanza kutazama kioo na kuwasha indiketa, bado si pa kukata kona.

Na ramani nilipakua. Nikiwa nyumbani kwenye bando la usiku nilipakua Dar es Salaam nzima na Pwani. Tangu hapo vile viboksi vya kijivu vinavyotokea ramani isipofunguka havinisumbui. Nina pia programu nyingine inayotumia ramani za OpenStreetMap, zile zinazochorwa na watu wa kujitolea, kwa ajili ya uswahilini. Wengi hawajui kwamba vichochoro vya Dar viko kwenye ramani hizo kwa sababu ya vijana wetu. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita mtaa kwa mtaa pamoja na wakazi, wakichora nyumba, mifereji na njia za miguu, lengo kubwa likiwa kujiandaa na mafuriko. Mimi muuza keki nanufaika na kazi ya mtu aliyetembea Tandale kwa miguu akiwa na karatasi mkononi. Namshukuru.

Mdogo wangu anaishi Leicester, Uingereza. Nilipomsimulia kwa simu alishtuka kuwa nilikuwa naendesha hivyo, halafu akanieleza ya kwao. Tangu tarehe 25 Machi 2022, kushika simu mkononi ukiwa unaendesha ni kosa kwa matumizi karibu yote, hata kama unagusa ramani tu, hata kama umesimama kwenye taa nyekundu. Faini ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni, na aliyepata leseni chini ya miaka miwili akifikisha hizo 6 ananyang'anywa. Simu ikiwa imebanwa mahali pake na haikuzibi kuona barabara, unaruhusiwa kufuata ramani. Huko California nako, Juni 2025, mahakama ya rufani iliamua kesi ya dereva aliyekutwa na simu mkononi akitazama ramani. Hoja ilikuwa kwamba kutazama tu si kuitumia simu. Mahakama ikakataa: ukiishika na kuitazama ramani ukiwa unaendesha, unaitumia. Sheria yao inataka simu ibanwe, na kidole kiguse au kitelezeshe mara moja, basi.

Niliposoma hilo nilimkumbuka mama wa mihogo. Majaji wa ng'ambo na yeye wamefika sehemu moja, na yeye alifika bila kuacha karai kwa zaidi ya dakika mbili.

Kwetu, trafiki amewahi kunisimamisha mara nyingi kwa mkanda, kwa taa, kwa kizimamoto. Kwa simu pajani, miaka ile miwili, hata mara moja. Naomba nisieleweke kwamba namlaumu askari, maana simu iliyoko pajani haionekani kutoka nje ya gari. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Anayeijua ni wewe mwenyewe na aliyeko mbele ya bampa.

Ninachofanya sasa kinaanza usiku wa kuamkia safari. Namwomba mteja atume lokesheni akiwa amesimama mlangoni kwake, siyo kazini, siyo saluni, siyo kwa shoga yake. Namwomba na jina la mtaa na namba ya nyumba, kwa sababu tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa mingi ina vibao na nyumba zina namba, ila watu hawajazoea kuzitaja. Na namwomba alama moja ya kuonekana kwa macho: msikiti, geti la bluu, duka la mangi, transfoma. Kisha nakaa kitandani naipitia njia yote kwenye ramani, kona moja moja, kama nilivyokuwa napitia madaftari kabla ya mtihani. Asubuhi nikiingia kwenye gari ninakuwa nimeshafika mara moja kichwani.

Naweka njia kabla sijatia gia. Nanyamazisha makundi yote ya WhatsApp, maana ujumbe wa kikundi cha kikoba unaweza kushuka juu ya ramani sekunde ileile unayotaka kuiona kona. Mteja akipiga, nasikia inaita, naiacha. Njia ikibadilika, nikipotea, akituma lokesheni ya pili, natafuta mahali pa kuegesha. Kuegesha Dar siyo rahisi, hasa Mandela, na mara nyingine imenibidi niendelee kilomita mbili nzima nikijua kabisa napotea. Napotea. Nikifika kituo cha mafuta naingia, nasimama, ndipo nagusa simu. Mwanzoni ilikuwa inaniuma, sasa imekuwa kawaida. Na mara nyingi nikishasimama, badala ya simu namuuliza mtu. Boda aliyeko kijiweni anajua daraja lililosombwa na mvua jana, na satelaiti haiwezi kulijua hilo.

Nina kijana wa boda ninayempa mizigo midogo, keki za kilo moja na maboksi ya vitafunwa. Yeye alikuwa anashika simu kwa mkono wa kushoto na klachi kwa vidole viwili vilivyobaki, anaendesha hivyo Buguruni saa kumi na mbili jioni. Nilimwona siku moja nikiwa nyuma yake, nikajiona mimi mwenyewe, ila mimi nilikuwa na bodi ya gari kunizunguka na yeye ana fulana. Nikamnunulia kile kishikio cha kufunga kwenye usukani wa pikipiki. Alikataa kwanza, akasema wezi wataikwapua simu kwenye foleni, na hilo ni kweli kabisa, sikuwa nimelifikiria. Tukakubaliana: kwenye foleni simu inaingia mfukoni, njia anaisoma kabla ya kuondoka, na akikwama anasimama. Muda wa kuchelewa naubeba mimi kwa mteja. Nimeongeza nusu saa kwenye kila ahadi ninayotoa, na wateja wawili wameniacha kwa sababu hiyo. Sawa.

Mwezi uliopita nilipeleka keki Madale tena, kwa mteja mwingine. Nilipofika pale, sauti ilikuwa imeshasema niendelee moja kwa moja kwa kilomita mbili, kwa hiyo sikuwa na la kuuliza. Hata hivyo niliegesha. Mama yupo, karai lipo. Nikanunua mihogo ya elfu mbili. Hakunikumbuka, mpaka nilipomwambia ni yule wa njia. Akacheka, akaniambia mtoto anaitwa mjukuu wa bibi fulani wa kule bondeni, na bomba lao la maji sasa limefika, hachoti tena ng'ambo ya barabara. Nikapumua.

Kwa walioagiza keki za Desemba: lokesheni naomba zinifikie siku moja kabla, mkiwa mlangoni. Ukinipigia nikiwa njiani sitapokea. Nikisimama nitakupigia mwenyewe.